Nyumba Iliyokula Kuni

Mama yangu alikuwa na namna yake ya kupima baridi. Hakutazama ukungu wala umande, alitazama kuku. Asubuhi kuku akisimama mlangoni kwa mguu mmoja na kukataa kutoka, mama alisema, "Leo leteni gogo," na kazi nyingine zote zikangoja. Nimeishi maisha yangu yote kwenye milima hii ya Umatengo, nikaja kujua vipimo vingine vya kizungu vya kutundika ukutani, lakini sijaona kilichosema kweli kuliko kile cha mama.

Nilikuwa katekista wa kigango chetu kwa miaka mingi. Kabla ya hapo nilisoma kwa mapadre, mpaka baba alipofariki nikarudi nyumbani kushika jembe. Nimepewa mke mwema, watoto walio hai, shamba la kahawa lisilokauka, na macho yanayosoma bado. Kila jioni namshukuru Mungu kwa hayo, moja moja, nikiyataja. Hili ninaloliandika hapa sijajifunza bado kulishukuru. Nimelibeba kwa saburi, na saburi haijalipunguza uzito.

Nyumba ya mama ilikuwa ya miti, udongo na nyasi. Mlango wake ulikuwa mfupi, mtu mzima aliingia ameinama. Katikati palikuwa na mafiga matatu, na juu ya mafiga kichanja cha kukaushia mahindi. Moto ulikuwa mmoja tu. Huohuo ulipika ugali, ukakausha mahindi, ukafukuza wadudu kwenye mbegu, ukatupa mwanga wa kusalia rozari, na ukatutia joto. Moshi ulipanda taratibu ukapenya kwenye nyasi. Gogo likishachomekwa lilikaa likifuka kutwa nzima, mama akalisogeza kidogo kidogo kwa mguu huku akichambua maharage. Sikumbuki hata siku moja aliyolalamika kuhusu kuni. Wakati ule kuni hazikuwa habari ya kuzungumzwa.

Halafu biashara ikafunguliwa. Zamani kahawa yetu tuliipeleka ushirika, tukangoja malipo mpaka tukasahau tulichokuwa tumepanga kununua. Sasa wakaja wanunuzi na malori yao mpaka kwenye vitongoji, wakapima na kulipa palepale. Msimu mmoja bei ilikuwa nzuri kupita tulivyozoea, na mlima mzima ukageuka. Ukisimama mlangoni pa kanisa ungeweza kuhesabu mabati mapya yaking'aa ng'ambo ya bonde, leo moja, wiki ijayo mengine mawili. Watu walitoka Misa wakiyatazama badala ya kusalimiana.

Nami nikajenga. Sikutaka nyumba ya kubahatisha. Nilitaka kuta ndefu, sakafu ya saruji, na madirisha manne mapana ya vioo kama ya nyumba ya mapadre, ambako nilikuwa nimelala ujanani na kuona jua likiingia mpaka kitandani. Jiko nikalitoa nje, nyuma ya nyumba, kijumba cha peke yake, ili moshi usichafue ukuta mweupe. Kuchoma tofali kunataka kuni nyingi. Nikakata mikaratusi aliyoipanda baba upande wa juu wa uwanja, safu yote. Tanuru likawaka siku tatu. Nilikaa karibu nalo nikiota moto, nikijiona mtu aliyebarikiwa.

Nyumba ikaisha. Mama akabaki kwenye yake ya nyasi, hatua chache kutoka kwetu.

Siku moja mke wangu alirudi kutoka kanisani akakaa kuchambua mboga, akaniambia bila kuinua uso, "Mwalimu, wanasema."

"Wanasema nini?"

"Wanasema Mwalimu anatufundisha kuwaheshimu wazazi, yeye analala chini ya bati na mama yake analala na moshi."

Niliumia. Nilikwenda kwa mama siku ileile, nikamwambia kwamba chumba chake kiko tayari, chenye dirisha na kitanda cha chuma, na kwamba nyumba yake nitaibomoa Jumamosi.

"Mwanangu," alisema, "niachie kibanda changu. Mimi sina ugomvi nacho."

"Mama, watu wananicheka."

"Waache wacheke. Mimi wamenicheka tangu siku niliyoolewa, na nimezeeka vizuri tu."

Nilidhani ananionea huruma, hataki kunitwisha mzigo wa kumtunza. Mwana anapoamua kumheshimu mama yake, ni vigumu sana kumzuia. Jumamosi tukabomoa, mimi na ndugu zangu. Nyasi zilikuwa nyeusi, zinanata kwa masizi ya miaka yote ile, na zilitoka kwa shida kana kwamba zimeshonwa. Mama aligeuza kinu akakikalia, akatutazama. Tulipomaliza aliinuka, akaingia katikati ya vifusi, akayatoa mafiga yake matatu kwa mikono yake mwenyewe. Akaja nayo mpaka kwenye nyumba mpya, moja baada ya lingine, akauliza, "Haya niyaweke wapi?"

Nilitazama sakafu ya saruji. Hapakuwa na mahali. Jikoni mke wangu alikuwa na mafiga yake tayari. Mama akayapanga chini ya upenu wa nyumba, nje, na hapo yakakaa.

Padre alikuja kubariki. Alisifu madirisha.

Ikaja Juni. Anayejua milima yetu anajua Juni na Julai zilivyo: upepo unashuka kutoka juu, ukungu haupandi mpaka saa nne, na maji ya kunawa yanauma kama nyuki. Asubuhi ya kwanza ya baridi kali tuliamka blanketi zikiwa zimelowa, kwa kuwa bati lilikuwa limetoa jasho na kutudondoshea. Jikoni kulikuwa na joto, lakini mtu alitoka jikoni, akapita uwanjani penye upepo, akaingia chumbani penye barafu, na joto lote alilokusanya likawa limebaki njiani. Tukaweka jiko la mkaa chumbani kwa mama. Tukaweka lingine sebuleni kwa ajili ya wageni. Ule moto mmoja wa zamani sasa ukawa mitatu, na bado mama alikaa amejifunika kanga, blanketi na koti langu, mikono kwapani.

Mke wangu, ambaye alizaliwa kijiji cha Namswea na hakuwa mtu wa kulalamika, alikuwa akitoka alfajiri kutafuta kuni na kurudi jua limepanda. Karibu na nyumba hapakuwa na kuni tena. Kila nyumba ya mlima ilikuwa imechoma tofali zake.

"Nyumba hii inakula kuni," aliniambia akitua mzigo, "na haishibi."

Nikalipeleka jambo hilo kwenye sengu. Kwa asiyejua, sengu ni ule mkutano wetu wa chakula: wanaume wa ukoo mmoja wanakusanyika uwanjani kwa mkubwa wao, kila nyumba inaleta chungu chake, wanakula pamoja na kuzungumza mambo ya ukoo. Wanawake huleta chakula na kukaa pembeni na watoto. Mkubwa wetu alikuwa kaka yangu, naye alikuwa ameezeka bati mwaka uleule kama mimi, kwa hiyo nilijua atanielewa.

"Ni madirisha," kaka alisema kabla sijamaliza. "Mdogo wangu, umeweka madirisha manne kama unauza duka. Joto linatoka kwenda kutembea."

"Wewe una mangapi?" baba mdogo wetu akamuuliza.

"Mawili."

"Na una joto?"

Kaka akameza tonge. "Ninazungumzia nyumba yake, si yangu."

Watu wakacheka. Baba mdogo akasema ni bati lenyewe. Nyasi hushika joto la jana zikalitunza mpaka leo, alisema, bali bati halikumbuki kitu, jua likitua nalo limesahau. Binamu mmoja akasema ni urefu wa kuta. "Joto hupanda juu kama kuku wa kulala. Kule kwenye kenchi za paa sasa hivi ni kama Dar es Salaam. Mwalimu apande akalale huko." Mwingine akasema ni ule mwanya kati ya ukuta na bati, ambako unaona nyota. Mwingine akasema ni saruji, kwamba saruji hunyonya joto la miguu. Na mmoja, aliyekuwa na mke mgomvi, akasema ni wanawake wa siku hizi, wanawasha vijiti kumi kwa kuchemsha yai.

Nilisikiliza wote, na nilirudi nyumbani na mashauri mengi kuliko nilivyoweza kubeba. Baadaye, nikiwa na muda wa kuyakumbuka maneno yale, niliona mambo mawili. Hakuna aliyetaja safu ya miti ya baba iliyokuwa ikikinga upepo wa upande wa juu, kwa sababu kila mmoja pale alikuwa amekata ya baba yake. Na hakuna aliyegeuka kuwauliza wale waliokaa pembeni na vyungu, ambao ndio waliozibeba kuni.

Nikayafuata mashauri, moja baada ya jingine, kama mgonjwa anayezunguka kwa waganga. Madirisha mawili nikayaziba kwa mbao. Mwanya wa juu nikaujaza udongo pande zote, mpaka mwanga haukupita. Chini ya kenchi mke wangu alishona magunia ya kahawa yakawa dari. Nyumba ikawa na giza kama ghala. Siku chache baadaye mama alishikwa na kichwa, akatapika, macho yakamlegea. Tulimtoa nje akapata nafuu, na mke wangu ndiye aliyesema ni hewa ya mkaa, haina pa kutokea. Nikaliondoa jiko la mkaa chumbani kwake. Hivyo mama akabaki na chumba kilichozibwa vizuri kabisa, ambacho hakikuwa na joto la kuzuiwa.

"Nimekuwa kama mbegu ya viazi," alisema. "Nimewekwa gizani ningoje kuchipua."

Tulicheka, hata mimi.

Ndipo mke wangu aliponiambia neno ambalo laiti ningelisikia. Tulikuwa shambani, tunachuma kahawa, kila mmoja upande wake wa mti.

"Mama alale jikoni," alisema. "Kule kuna moto kutwa. Nitamwekea kitanda pembeni, nami nitakuwa naye nikipika."

"Jikoni?"

"Hata kule kwake alikuwa analala jikoni. Nyumba yake yote ilikuwa jiko."

"Mama wa katekista alale jikoni kama mbuzi?"

Alichuma tawi lote lile kabla ya kunijibu. "Mbuzi hawakohoi, Mwalimu."

Nilimwambia tusizungumze tena jambo hilo. Naye hakulizungumza. Alikuwa mtiifu kwangu kuliko nilivyostahili, na mara nyingine nimewaza kwamba Mungu angenipa mke mbishi ningekuwa na heri zaidi.

Mwaka uliofuata akaja bwana misitu. Alikuwa kijana wa Kiislamu kutoka upande wa Tanga, amehamishiwa kwetu, na alivaa sweta mbili na koti juu yake hata wakati wa jua. Alikuwa akipita nyumba kwa nyumba kufundisha kujenga jiko la udongo la kubana kuni. Alipofika kwetu mama alikuwa ameketi uwanjani akifuata jua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Unakwenda wapi na makoti yote hayo?"

"Sina pa kwenda, bibi, nimeletwa hapa. Huku kwenu naona Mungu alisahau kufunga mlango."

"Hakusahau," mama akasema. "Ni mwanangu aliyefungua madirisha."

Kijana yule alicheka mpaka akakaa chini. Nilimpenda. Alikuwa na imani yake kama kila mtu kuhusu kinachokula kuni, na yake ilikuwa mafiga. Alieleza kwa subira, akichora ardhini kwa kijiti, kwamba mafiga yako wazi pande tatu, kwa hiyo moto mwingi unakwenda kwenye miguu ya watu badala ya kwenda kwenye chungu.

"Na miguu si ya watu?" mama akauliza.

"Ni ya watu, bibi. Lakini haipikwi."

Akamfundisha mke wangu na majirani zake kukanda udongo na majani makavu, wakajenga jiko nene lenye mdomo mmoja mdogo. Alisema kweli. Kuni zilipungua mpaka mke wangu akawa anakwenda kutafuta mara chache tu kwa wiki. Mgongo wake ukapumzika. Nilimsikia akiimba akitwanga, jambo ambalo sikuwa nimelisikia tangu tuhamie kwenye nyumba ile, na nikamshukuru Mungu kwa ajili ya bwana misitu, ingawa tulisali tofauti.

Siku moja ya baridi mama aliingia jikoni kama alivyozoea kufanya mchana, maana kukaa jikoni mchana sikuwa nimemkataza. Akaketi, akanyoosha mikono. Moto ulikuwa ndani ya udongo, hauonekani. Akasogea. Akaliwekea jiko kiganja ubavuni, kama mtu anayempima mtoto homa.

"Jiko hili lina choyo," alisema. "Linampa chungu peke yake."

Mke wangu aliacha kuimba. Alikuwa amepata nafuu yake baada ya taabu ndefu, na sasa alionyeshwa imetoka mwilini mwa nani.

Juni ya pili kikohozi cha mama kilirudi, na safari hii hakikumwacha. Zahanati walimpa dawa na kuniambia nimweke mahali penye joto. Nilirudi nikiwa nimemshika mkono, nikaitazama nyumba yangu kutoka njiani, ndefu, nyeupe, yenye bati linalong'aa, na sikuona ndani yake mahali hata pamoja pa kumweka.

Ni yeye aliyetafuta njia. "Nipeleke Lipingo kwa dada yako," alisema. Dada yangu ameolewa kule kando ya ziwa. "Kule jua linapika bure. Mvua zikianza, baridi ya huku itakuwa imepungua, uje unichukue. Nataka kulala pale kwa baba yako."

Kaburi la baba liko juu ya shamba, kwenye mgongo wa mlima, na pembeni yake palikuwa pamebaki nafasi ya mtu mmoja.

Tulipanda lori lililokuwa limeleta dagaa Mbinga na linarudi tupu ziwani. Dereva alimweka mama mbele. Kila tulipoteremka mteremko mmoja, hewa ilibadilika. Tuliposimama mara ya kwanza alikuwa amevua koti langu. Mara ya pili alikuwa amelikunja blanketi magotini. Tulipofika chini na kuliona ziwa alikuwa amebaki na kanga zake tu, na uso wake ulikuwa umefunguka. Kwa dada yangu walimtandikia mkeka kwenye mchanga, karibu na dagaa waliokuwa wameanikwa, akaichimbia miguu yake kwenye mchanga wa moto akafumba macho. Nyumba ya dada ilikuwa ya nyasi. Nilikaa pale siku mbili, na kikohozi kilikuwa kimepungua.

Siku ya kuondoka alinishika mkono. "Usichelewe," alisema.

"Mvua zikianza, mama."

Niliporudi nyumbani nilimkuta mke wangu jikoni. Jiko la bwana misitu lilikuwa limevunjwa. Vipande vya udongo alikuwa amevirundika nje. Mahali pake alikuwa ameweka mafiga, nami nikayatambua: yalikuwa yale matatu ya mama, aliyatoa chini ya upenu. Sakafu alikuwa ameipiga upya udongo laini, ukuta ameuziba penye nyufa, na pembeni, upande usiopigwa na upepo, alikuwa amejenga kitanda cha miti na kukisuka kamba.

"Nenda kamchukue," alisema. "Kuni nitaleta mimi."

Mikono yake ilikuwa na malengelenge. Nilikaa kwenye kile kitanda. Safari hii sikusema habari ya mbuzi. Nilisema, "Ndiyo. Kahawa ikiisha nitakwenda."

Kahawa ikaisha. Lakini askofu alikuwa anatarajiwa kuja kutoa Kipaimara, na darasa langu lilikuwa kubwa kuliko miaka yote, na padre alinitegemea. Niliona si vema kuliacha katikati. Mama yuko salama, nilijiambia, yuko kwenye joto, na dada ni mtu mwema. Jumanne na Alhamisi niliwafundisha vijana wale Amri za Mungu. Tulipofika Amri ya Nne niliwaeleza vizuri sana. Niliwaambia kwamba kumheshimu mzazi si kumpa vitu tu, ni kumsikiliza. Nakumbuka nilipata maneno mazuri siku ile, na mmoja wao aliyaandika.

Mke wangu alikuwa anauliza kila Jumapili, mara moja tu, tukiwa njiani kutoka kanisani. "Lini?" Nami nilimtajia wiki.

Mwaka ule mvua hazikungoja. Zilianza kwa nguvu, usiku na mchana, na kabla askofu hajafika barabara ya ziwani ilikuwa imekatika sehemu mbili. Malori yakaacha kushuka. Nikasema zitapumzika kidogo, kama kawaida, nami nitashuka hata kwa miguu. Zilipopumzika, kabla sijafunga mzigo, alikuja mtu amebeba dagaa kichwani, amepanda milima yote ile kwa miguu. Alitua mzigo wake uwanjani, akavua kofia, akasema amepewa salamu na dada yangu. Mama alikuwa amezikwa siku tano zilizopita.

Nilishuka. Sitaielezea njia. Kaburi lilikuwa juu kidogo ya ufuko, kwenye mchanga, limezungushiwa mawe ya ziwani ili kingo zisibomoke. Kikohozi kilirudi na mvua, dada alisema, na siku ya nne hakuamka. Padre wa upande ule hakuweza kufika kwa sababu mito ilikuwa imejaa. Waliomsalia walikuwa wakristo wenzetu wa dhehebu jingine, jirani za dada, na walimsalia kwa upendo, Mungu awalipe. Lakini mama aliyenifundisha kupiga ishara ya msalaba alikwenda bila mpako mtakatifu, na mwanawe alikuwa katekista. Rozari yake dada aliiweka mikononi mwake.

Nilimuuliza dada kama mama alikuwa amesema neno juu yangu. Alikuwa anakwepa, akaingiza mkono kwenye maji, akaosha bakuli lililokuwa safi. Mwisho akasema, "Hakusema neno baya. Ila mvua zilipoanza, kila akisikia lori, alikuwa anafunga kanga yake na kukaa mlangoni. Hata barabara ilipokatika. Tulimwambia, mama, hayo ni ya hapahapa, hayatoki Mbinga. Alisema anajua. Lakini alifunga kanga."

Nilitaka kumrudisha. Wazee wa pale na wa kwetu wote walinishauri nisiusumbue mwili, na padre alisema ardhi yote ni ya Bwana. Ninaamini hivyo. Pale kwa baba nafasi bado ipo, na nyasi zimeota.

Sasa ni miaka mingi. Nyumba yangu imesimama, tofali zake hazijapata ufa, na wapita njia bado wanaisifu kwa madirisha yake. Niliyazibua yale mawili. Kwenye sengu, ile iliyobaki, maana siku hizi kila mtu anakula kwake, vijana wanaojenga wanauliza kwa nini nyumba mpya zinamaliza kuni, na wakubwa wanawajibu: bati, saruji, kuta, madirisha. Wakinigeukia mimi ninawaambia kwanza wamuulize anayezibeba. Wanacheka, wanadhani Mwalimu anatania. Mwaka juzi mmoja wao alinialika kwenye sala ya kuingia nyumba yake mpya, nikamkuta mama yake amekaa nje juu ya kinu, anatazama nyumba yake ya nyasi ikibomolewa. Nilimvuta pembeni kijana yule nikamwambia yote niliyoandika hapa. Alinisikiliza kwa adabu. Kisha akasema, "Lakini Mwalimu, watu watanicheka." Nikasalisha. Sikujua la kufanya jingine.

Juni ikifika, mimi na mke wangu tunaiacha nyumba kubwa tunahamia jikoni. Yeye analala upande wa moto, juu ya mkeka na godoro, kwa sababu anataka kuwa karibu kulisogeza gogo. Mimi ananilaza kwenye kile kitanda cha miti. Kamba zake tumezisuka upya mara nyingi, lakini miti ni ileile. Ni kitanda kizuri, na kuna joto. Ila alikipima kwa kimo cha mama, kwa hiyo ni kifupi kwangu, nami nalala nimekunja magoti, uso umeelekea mafiga.